Kitu kinachopenya ukuta lakini kinaacha nyayo: mnakielezaje kwa Kiswahili?

Langoni_Mwandishi

Assalaam aleikum waungwana. Nina hadithi fupi ya kusomwa redioni, maneno kama 1,600. Mahali ni nyumba ya mawe ya zamani, mtaa wa Mkomani, mji wa Amu (Lamu). Ndani yake mna kitu (ndilo tatizo lenyewe, sijui nikiiteje) kinachopenya ukuta, lakini kikishuka pwani kinaacha nyayo. Kinakunywa maji ya mtungi na maji yanapungua. Taa ikiwa nyuma yake mwanga unapita, ila si wote.

Rasimu ya kwanza inasema: "kiumbe nusu mzimu nusu mwili, kama ukungu." Kwenye karatasi inavumilika. Kwa sauti inachekesha. Nauliza mambo matatu: neno gani litumike, kielezwe vipi bila "kama ukungu" kila baada ya sentensi mbili, na msikilizaji akiuliza mbona kinapita ukutani na hakidondoki sakafuni, jibu ni lipi?

---

Mhariri_Malindi

Wa aleikum salaam. Ndugu yangu, kabla ya kutafuta neno jipya angalia kila neno ulilonalo linakudai nini. Haya si visawe.

Mzimu una pahali pake: mbuyu, pango, gofu, pale watu wanapopeleka sadaka. Ni wa wazee waliotangulia. Ukisema "nusu mzimu" msikilizaji anaanza kungoja ubani na kafara, na hadithi yako haina hayo. Pepo hana mwili wake, anahitaji kiti, yaani mtu wa kumpanda kichwani. Ukimwandika anatembea peke yake ufuoni umeshampa kazi isiyo yake. Jini ni kinyume: kwa itikadi ana umbile kamili, la asili nyingine tu, moto usio na moshi (Qur'ani, sura ya 55, aya ya 15). Anakula, anaoa, anazaa, anakufa. Huyo si nusu ya kitu chochote. Msukule ni mwili usio na hiari, na ni neno la Tanzania zaidi. Amu litasikika kama nguo ya kuazima. Chunusi haondoki majini, kazi yake ni kuvuta miguu ya waogaji. Zimwi liachie ngano za watoto.

Lililo karibu nawe ni kizuka: kilichozuka ghafla na hakijasema ni mwili au ni roho. Lakini kizuka ni pia mjane aliye edani, miezi minne na siku kumi, na katika nyumba ya Mkomani maana hiyo ndiyo itakayowajia akina mama kwanza. Ni hatari au ni zawadi. Ikiwa kitu chako kina sura ya mwanamke, mimi ningeitumia makusudi: mgeni aulize "nani yule juu?", ajibiwe "kizuka", basi, na hadithi iendelee dakika tano nzima bila kufafanua.

"Kiumbe" lifute. Linanuka kitabu cha sayansi cha darasa la sita. "Mahuluti" pia, hilo ni la mbegu za mahindi na ng'ombe.

---

Kalamu_ya_Shela

Mhariri kasema kweli kuhusu majina, ila nadhani tunatafuta dawa katika kabati lisilo lake. Kiswahili hakielezi vitu vya namna hii kwa jina wala kwa kivumishi. Kinavieleza kwa upatanisho wa ngeli. Hapo ndipo utaalamu ulipo, na redioni unasikika bila maelezo yoyote.

Tazama. Kitu kisicho na uhai kinabaki na ngeli yake: kivuli kimesimama. Chenye uhai kinavutwa kwenye a-/wa- hata jina likiwa na ki-: kipofu amesimama, kiboko anaoga. Baina ya mlango huu na ule ndimo kitu chako kinamoishi. Kianzishe na ki-, halafu ubadilishe mara moja, pale mwili unapojitokeza:

"Kivuli kilisimama mlangoni. Kilikuwa kimenyooka kama mlingoti. Kikavuka kizingiti, kikapita mbele ya kandili. Akakohoa."

Hakuna "ghafla", hakuna "la kutisha", hakuna "nusu". Ni ki- imekuwa a-. Ukitaka kiyeyuke tena, rudi nyuma kwa njia hiyohiyo: "Alinyoosha mkono kuchukua kata. Kikafifia."

Sheria zake ni chache lakini ni kali. Mabadiliko yasizidi mawili au matatu katika maneno 1,600, la sivyo yanasikika kama makosa ya mwanafunzi. Kitenzi kinachobeba badiliko kiwe cha mwili: kukohoa, kukuna, kumeza, kuchechemea. "Akaonekana" hakifai, maana hata moshi huonekana. Sentensi ya badiliko iwe fupi kuliko zote zilizoizunguka. Na mwandikie mhariri pembeni kwamba ni makusudi, kwa sababu asipojua atakurekebishia kila a- iwe ki- na hadithi yako itakufa kimyakimya. Msomaji wa redioni naye aambiwe. Akisitasita hapo, imekwisha.

Kwamba masikio yetu yana hisi hii angalia neno maiti. Watu wale wale, siku ile ile, mmoja anasema "maiti ameoshwa", mwingine "maiti imeoshwa", na kila mmoja anajua anachokitetea. Au methali: zimwi *li*kujualo *ha*likuli *li*kakwisha. Linakujua, linakula, linapima, na bado halikupewa a-. Ndiyo maana linaogopesha.

Jambo la pili, mahali. Tunazo ngeli tatu na wengi wanaandika "kuna" tu.

Ukutani pana mtu: yuko pale, unaweza kumwonyesha kwa kidole.
Ukutani kuna mtu: yuko upande ule, sehemu sehemu.
Ukutani mna mtu: yumo ndani ya ukuta.

Herufi mbili zinafanya kazi ya aya nzima. "Mna" liweke mara moja, kinywani mwa mtoto au mzee, mtu asiyesema kwa mzaha.

Tatu, badala ya "kama ukungu" tumia kurudufisha. Maji ni maji. Majimaji ni kitu kilicho na maji ndani yake bila kuwa maji. Utusitusi, kimulimuli, kijivujivu, vyote vimejengwa hivyo. Basi "alikuwa moshimoshi kuanzia magotini" ni Kiswahili safi, na hakuna anayefananishwa na chochote. Vitenzi navyo: kuonekana-onekana ni kuonekana kwa vipande, huku ndiyo huku siyo. Na vile vya kutendeka: hashikiki, hupitika, hagusiki ila akitaka. Usivirundike, viwili katika aya vinatosha.

Mwisho, kama mhusika mmoja ni mzee wa Amu, mwachie Kiamu chake. Wenzetu wa bara wanasema "amesimama". Mzee atasema "usimeme". Ile simeme, kama lele ya aliyelala, ni hali tupu. Haisemi lini alisimama wala alitoka wapi. Kwa kitu ambacho hakikuingia kwa mlango, sijui kitenzi kinachofaa zaidi.

---

Fundi_Chokaa

Mimi nijibu la sakafu, maana katika nyumba ya Amu swali hilo ni gumu kuliko mnavyodhani. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Sakafu ya ghorofa nayo ni matumbawe na chokaa, imepangwa juu ya boriti za mikoko. Ni kitu kimoja! Huwezi kusema kinapenya jiwe halafu kikasimama juu ya jiwe lile lile. Msikilizaji wa Amu amelala chini ya boriti hizo tangu utotoni, atakukamata.

Njia ninazoziona ni mbili, na ya pili ndiyo bora.

Ya kwanza: kinachomshika ni mti, si jiwe. Boriti zinambeba, na mlango wa mti unamzuia. Basi hapenyi mlangoni, anapenya ukutani pembeni ya mlango uliofungwa kwa komeo. Picha nzuri, ila ukiichagua itabidi uilinde hadi mwisho: kitanda kinambeba, kiti kinambeba, ngazi ya mawe haimbebi. Hapo kwenye ngazi waandishi wengi watateleza, maana ngazi za nyumba hizo ni za mawe.

Ya pili: hapenyi popote. Anapita pale palipokuwa na njia. Nyumba za zamani zimegawanywa kwa mirathi, milango ikazibwa kwa mawe na kupigwa lipu, na ukigonga kwa kifundo cha kidole palipozibwa mara nyingi panalia tofauti na ukuta wa asili. Kitu chako kinafuata nyumba ya zamani, si hii ya leo. Sakafu ilikuwepo zamani na ipo leo, basi inambeba. Swali limekwisha bila kuelezwa. Na kuna wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili, ambacho wanawake walipita bila kushuka njiani. Baadhi ya mawikio yamebomolewa. Kitu chako kikitembea hewani juu ya kichochoro, kwa hatua za kawaida, bila haraka, pale pale wikio lilipokuwa, huhitaji neno mzimu hata mara moja.

Amua pia nguo na mizigo. Akipita ukutani na kata ya maji mkononi, kata ianguke upande huu. Mara ya kwanza tu. Mara ya pili aiweke chini mwenyewe kabla ya kupita. Amejifunza.

Sasa mtungi. Maji ya mtungi kupungua si ushahidi wa lolote, udongo hutoka jasho usiku kucha na ndiyo maana maji yanapoa. Mtu yeyote anajua. Weka kata ya kifuu iliyokuwa kavu jioni, alfajiri imelowa ukingo upande mmoja.

Na nyayo. Mchanga mkavu wa vilima vya Shela hauwezi kukusaidia, kingo zinaporomoka na unyayo wa mtu na wa punda vinakuwa mashimo tu. Mshushe chini ya mstari wa maji kujaa, maji yanapopwa. Mchanga uliolowa ukikanyagwa hufanya jambo: kuzunguka mguu unakuwa mweupe kama umekauka, kwa muda mfupi. Sababu ni uzito. Punje zinasukumana, nafasi baina yake zinaongezeka, maji yanazama kuzijaza. Mguu ukiinuka, unyayo unajaa maji. Basi kama kitu chako kina umbo lakini hakina uzito kamili, andika nyayo zenye vidole vitano, zimejaa maji, na hakuna weupe uliotokea pembeni. Mvuvi ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Usisahau bamvua: maji yakijaa sana yanafuta kila kitu, na kwenye maji mafu ufuo unaofunguka ni mdogo. Mwezi mpevu ni bamvua. Ukiandika usiku wa mwezi mpevu na maji yasiyosogea umejiaibisha.

---

Kalamu_ya_Shela

Fundi, hilo la wikio nalitamani mimi.

---

Bi_Mkunazi

Mwanangu Langoni, wasikilizaji wako wengi ni Waislamu, na kuna jambo hakuna aliyeligusa. Roho ya aliyekufa iko barzakh, inakongoja Kiyama, hairudi kuzurura Mkomani. Ukisema wazi kwamba ni marehemu fulani kafufuka, nusu ya Amu watazima redio na nusu watakuandikia. Wanavyolitatua wenyewe ni hivi: kinachoonekana kwa sura ya maiti si maiti, ni karini yake, yaani jini aliyefuatana naye maisha yake yote, au jini mwingine aliyevaa sura hiyo. Huna haja ya kubishana nao wala kuwaambia. Acha mhusika mmoja aseme "yule si yeye", basi. Kila mtu atajaza kwa elimu yake.

Ila neno barzakh lenyewe litakufaa kwa namna nyingine. Maana yake ni kizuizi, na katika sura hiyo hiyo ya 55 limetajwa kwa bahari mbili zinazokutana na baina yake pana kizuizi zisichokivuka. Ninyi mnaoishi baina ya kisiwa na kisiwa mnajua maji ya namna hiyo yanavyoonekana: mstari, povu kidogo, rangi mbili. Kitu chako kiandike hivyo. Usikichanganye kikawa uji. Kiwe na mstari. Juu ya mstari ni mwili, chini ni utusitusi, na mstari usogee kila anapoonekana: leo magotini, kesho kiunoni. Msikilizaji ataanza kuuhesabu mwenyewe.

Kuhusu hisi, anza na uzito, kisha harufu, kisha sauti, macho yawe mwisho. Hii si mapambo. Jinamizi ndivyo linavyokuja, na karibu kila mtu analijua: umelala chali, unajua umeamka, kifua kimekandamizwa, ulimi hausogei, kuna mtu chumbani na hujamwona. Kinachotokea ni kwamba akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa kutoka kwenye usingizi wa ndoto. Hudumu sekunde chache au dakika chache, kisha mwili unaachiliwa. Habari za Popobawa, lile pepo la usiku lililotia watu hofu kule Pemba mwaka 1995, zilikuwa na jambo hilohilo, uzito kifuani ndani ya giza, ingawa jina linataja bawa. Kwa hivyo godoro lizame upande mmoja kwanza. Kama godoro ni la sufi litalalamika kidogo, sauti kavu. Halafu harufu, isiwe udi, udi umechoka. Chokaa mbichi iliyomwagiwa maji inatosha, na inafanana na nyumba. Sura isubiri.

Na tafadhali, kwato hapana. Mwanamke mrembo, buibui, kwato za punda: kila mtoto wa Pwani anaijua kabla hajaota meno ya pili.

---

Sabaki

Nyongeza fupi kutoka huku Malindi. Mnaongea kana kwamba kitu cha namna hii lazima kitembee. Kigango cha Wagiriama ni gogo la mti mgumu, limechongwa kichwa, kifua kimejaa pembetatu ndogondogo zilizokatwa kwa kisu, limesimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha wazee kiitwacho Gohu. Ni mti kwa kila hali: mchwa unaula, mvua inaupasua. Na papo hapo ni mzee mwenyewe, anavalishwa kitambaa, anazungumzwa naye, hang'olewi. Vingine viliibwa vikauzwa Marekani, na makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha 30 mwaka 2014. Angalia ngeli inavyocheza: kigango *ki*mechongwa, lakini akishasimamishwa ni *yeye* amekasirika. Kalamu, hoja yako ipo makaburini siku nyingi.

Kwa mwandishi: mwili usiosogea hata kidogo unaogopesha kuliko unaopenya. Fikiria tukio moja ambalo kitu chako kimesimama tu.

---

Langoni_Mwandishi

Ahsanteni sana wakubwa zangu. Nimechagua njia ya pili ya Fundi, na mstari wa Bi Mkunazi. Aya ya kufungua sasa ni hii (sabule ni chumba cha wageni, msana ni chumba kirefu cha ndani, zidaka ni vishubaka vya ukutani), ikosoeni:

"Ukuta wa sabule ukigongwa katikati unalia kama ngoma. Bibi alisema palikuwa na mlango. Usiku wa bamvua kivuli kilitoka hapo, kikavuka msana, kikasimama penye zidaka. Kandili halikutikisika. Mwanga ulikipitia mpaka kiunoni, juu yake haukupita. Kikageukia mtungi. Akameza mate. Bibi, macho yamefumba, akasema: 'Usimeme.'"

---

Fundi_Chokaa

Kandili kutotikisika ni sahihi, kitu kisichosukuma hewa hakiinamishi utambi. Lakini umesema juu ya kiuno mwanga haukupita, basi juu ana mwili, na kandili likiwa juu kwenye kidaka hewa ingesogea. Lishushe kandili sakafuni, au uache moto uiname kidogo, baada ya kupita, kuelekea alikokwenda. Kuelekea, si kinyume: mwili ukipita huvuta hewa nyuma yake.

---

Kalamu_ya_Shela

"Akameza mate" ni pazuri. Ila "kikageukia mtungi" futa, kugeuka ni kwa mwili, umetangulia kufichua. Kivuli kisimame, halafu ameze. Na "kama ngoma" ni tusi kwa ukuta wa chokaa. Muulize Fundi unalia vipi.

---

Fundi_Chokaa

Unalia mfu. Kama kifuu kilichojaa mchanga.